Mnazi mfupi bei kubwa, mrefu bei ndogo, kwa nini?

Sie ni wakata miti hapa Unguja. Wateja wengi siku hizi wanaanza na WhatsApp, picha moja ya mnazi halafu "fundi, shingapi kuukata huu?" Sie bei hatutaji hapo na wala sio maringo, ila picha haionyeshi kilichopo chini ya mti na nyuma yake na bei yote iko huko.

Urefu ndo kitu cha mwanzo watu wanachotaja na kwetu ndo kitu kidogo. Mnazi mrefu uko peke yake shamba, tuseme Dunga huko mashamba, tunaufunga kamba tunaukata kwa chini unalala wenyewe, kazi ya asubuhi. Sasa chukua mnazi mfupi wa Jang'ombe, mjini kwenye nyumba zilizobanana, huku bati za jirani, huku ukuta, huku karo la choo, huo hauna pa kulala. Inabidi mkwezi apande, ashushe nazi na makuti kwanza, kisha akate kipande kipande kuanzia juu na kila kipande kiteremshwe kwa kamba, maana gogo bichi la mnazi limejaa maji ni zito sana, likidondoka juu ya mfuniko wa karo hasara yake inapita hela ya kukatia. Siku nzima hiyo na watu wanne, na mti wenyewe ganda lake gumu linamaliza meno ya chensoo, msumeno wa mashine.

Tunapogombana zaidi ni kwenye mnazi mkavu. "Ushakufa huo, si mnipunguzie?" Jamani mkavu ndo ghali! Ukishaliwa na chonga, yule mdudu anaetoboa minazi, kichwani au mchwa chini, mkwezi hajui mti utamvumilia mpaka wapi, kwa hiyo hapandi, tunatafuta ngazi ndefu au tunapitisha kamba kutoka mti mwengine wa karibu kama upo. Ukiuona umeanza kukauka tuite wakati bado unapandika.

Kuna na wale wa "nipunguzieni nusu tu". Mwembe sawa, mkungu sawa, utachipua. Mnazi una kichwa kimoja, ukikiondoa umeuua na kinachobaki ni nguzo inayooza juu ya nyumba yako, kazi hiyo hatuchukui.

Magogo pia yanaingia kwenye bei. Mwembe wenye shina zuri tukiuchukua sie tunakupunguzia, na magogo ya mnazi wachoma chokaa wanayataka, lakini kama keri, gari dogo la mizigo, haifiki mlangoni na yote yabebwe mabegani mpaka barabarani basi usitarajie punguzo la maana. Kisiki ni bei mbali, kukichimbua kunachosha kuliko kukata.

Kabla hatujakubaliana tutakuuliza mti wa nani, usikasirike, hapa kwetu kiwanja kinaweza kuwa chako na mnazi ukawa wa mtu mwengine, na sie hatutaki kesi. Kibali unaanzia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na mkarafuu ndo kabisa, bila ruhusa hatuugusi hata ukitoa hela gani. Kama waya zinapita karibu tunasubiri ZECO, shirika la umeme, wazime kwanza, siku ya kazi wanaipanga wao.

Akitokea mtu akakutajia nusu ya bei yetu mpe kazi, hatununi, ila mwambie aandike kwenye karatasi nani anatoa magogo na bati la jirani likitoboka nani analipa, maana mara nyingi nusu iliyopungua ni hiyo hiyo, unakuja kuilipa wewe baadae na jirani keshanuna.

Kuja kutazama hatutozi kwa Mjini na vitongoji vyake, Nungwi na Makunduchi unachangia mafuta. Wakati wa masika tupigie mapema kidogo, mvua ikinyesha mtu hapandi. Na siku tukija awepo nyumbani mtu anaejua karo liko upande gani.