Ngozi iliyotibiwa kwa leza ilindwe na jua

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaoondoa nywele au makovu kwa leza hapa Moshi kwamba ngozi nyeusi, inapochubuliwa na joto la mwanga ule, huweza kubaki na mabaka meusi kwa miezi mingi, hasa ikipigwa jua. Ikandwe kwa kitambaa safi cha maji baridi, ioshwe taratibu, ipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, wala isisuguliwe kwa dodoki. Krimu za kung'arisha, ambazo inasikitisha kusikia zikipendekezwa kama tiba, zisiguswe kabisa. Kofia pana na losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi ni lazima, hata kukiwa na mawingu. Malengelenge au usaha vikitokea, mgonjwa awahi kwa wataalamu wa ngozi, ambao katika hospitali ya KCMC hapa Moshi wapo.

Msomaji wako,
Moshi