Salamu za sikukuu kwa wenzangu wa magurudumu mawili

Ndugu zangu, heri ya sikukuu.

Nawasalimu nyote: mnaoendesha pikipiki kwa riziki, mnaoendesha kwa mapenzi, na ninyi mlioacha kuendesha lakini injini ikipita nje bado mnanyanyua kichwa kutaka kujua ni ya aina gani. Ninyi wa mwisho ndio niliowawaza zaidi mwaka huu, na salamu hizi zinawafuata ninyi hasa.

Najua msimu huu haufanani kila mahali. Wapo waliokwisha kufunika pikipiki kwa turubai wakingoja baridi ipite, na wapo walio katikati ya joto, kiti hakikaliki saa sita mchana. Waliofunika, kabla sijasahau: chomoeni betri au iwekeni kwenye chaja, maana betri hupungua yenyewe hata ikiwa imelala, na petroli iliyokaa miezi ndani ya kabureta huacha utando unaoziba vitundu vyake. Mnaoendelea na safari, siku hizi barabara zimejaa madereva waliochoka, wenye haraka ya kufika kwao, na wengine wamekunywa. Safirini mchana.

Mimi nina miaka 67, na 44 kati ya hiyo nimeipitisha juu ya pikipiki. Zamani niliamka, nikapiga kiki, nikaondoka. Sasa mwili wenyewe unataka kupashwa moto kama injini. Nazungusha mabega, nakunja na kukunjua vidole vya mkono wa klachi mpaka vilegee, kisha nanyanyua goti la kulia mara kadhaa kabla ya kulivusha juu ya kiti. Shingo haigeuki tena mpaka mwisho, kwa hiyo nimefunga vioo vipana zaidi, na nikitaka kubadili njia nageuza kiwiliwili chote. Miaka sita iliyopita niliuza ile pikipiki yangu kubwa ya kilo 240 nikanunua ya kilo 140. Siku nilipomkabidhi mnunuzi ufunguo niliingia ndani nikafunga mlango, sikutaka kuonwa na mtu. Lakini hii nyepesi ndiyo iliyonibakiza barabarani. Naweza kuirudisha nyuma kwa kuisukuma, naweza kuinyanyua ikilala, na nikisimama kwenye mteremko mguu hautetemeki.

Usiku sipandi kabisa. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni husinyaa na lenzi huingia umanjano. Na taa za gari linalokuja zikikupiga usoni, kijana hurudi kuona upesi. Mzee huchelewa, na pikipiki haimsubiri. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde mbili za ukungu ni takriban mita 33 za barabara ambayo hukuiona.

Hayo ni ya mwili, na mwili una lugha yake, ukiusikiliza unaelewana nao. Lililonishughulisha mwaka huu ni la marafiki.

Tuko watatu. Dada yetu mmoja aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, mimi, na yule tunayemwita kaka mkubwa kwa kuwa ametuzidi umri. Yeye ana miaka 72. Kwa zaidi ya miaka 20 tumekuwa tukitoka Jumamosi asubuhi, saa moja kamili. Urafiki wa barabarani hauna maneno mengi. Kila mmoja yuko ndani ya kofia yake na upepo wake, hakuna anayemsikia mwenzake. Mnajuana kwa taa kwenye kioo. Ya kaka mkubwa ilikuwa imeinama kidogo kushoto tangu siku aliyoiangusha kwenye kokoto, na mimi nikiiona tu kiooni najua yupo, moyo unatulia. Tuna sheria moja ambayo haijavunjwa: ukifika njia panda unasimama, na huondoki mpaka uone taa ya aliye nyuma yako.

Kaka mkubwa ndiye aliyenifundisha kuisoma tairi. Nakumbuka alivyopiga magoti na tochi, akapitisha kidole ubavuni mwa gurudumu langu la nyuma akitafuta zile tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. Kashata za tairi, yale meno yake yanayoshika barabara, zilikuwa nzima, mimi nikijisifu kwamba bado ni mpya. Akasoma 1409, wiki ya 14 ya mwaka 2009. Tairi ilikuwa imekaa miaka 10, mpira umekauka, hauumi tena lami hasa ikinyesha. "Wewe unatazama kashata," akaniambia, "mimi natazama tarehe." Sikulala bila kubadilisha.

Miaka mitano iliyopita, katika siku kama hizi, tulitoka kumzika mwenzetu mmoja. Sote tulikuwa tumeona mwendo wake ulivyobadilika, na hakuna aliyefungua mdomo. Tukiwa njiani kurudi tulisimama pembeni ya barabara, tukavua kofia, tukaahidiana: atakayeona mwenzake hawezi tena, atamwambia, na atakayeambiwa hatakasirika. Ahadi ya kwanza ni nzito. Ya pili nimejua mwaka huu kwamba ni nzito kuliko ya kwanza.

Ilikuwa Juni. Safari hiyo kaka mkubwa alikuwa mbele yangu. Taa yake ya kukata kona ilibaki inamwekamweka kilomita kadhaa baada ya kona kwisha. Kwenye mikunjo alikuwa anaingia kwa kasi halafu anakamata breki katikati, yeye ambaye alitufundisha kumaliza breki kabla pikipiki haijalala, yaani haijainamia kona. Aliposimama, mguu wake ulipapasa chini mara mbili kabla ya kuipata ardhi. Kisha gari dogo likatokeza kutoka kulia. Mimi niliyekuwa mita 50 nyuma nililiona kabla yake. Alilikwepa kwa nafasi ya mkono mmoja, akaendelea kama hakuna lililotokea, na hilo ndilo lililonitisha: kwake hakika halikutokea.

Nilinyamaza wiki tatu. Nawaambia hili kwa sababu najua wengi wenu mmenyamaza hivyo hivyo mahali. Kila nikishika simu nilijiambia labda siku ile alikuwa amechoka. Dada yetu ndiye aliyenitoa kwenye kujidanganya, naye aliyaona. Tukaenda wote wawili, tukakaa naye, nikamwambia.

Akanijibu kwa Burt Munro. Huyo ndiye shujaa wake tangu ujana, yule mzee wa New Zealand aliyenunua Indian Scout ya mwaka 1920, akaifanyia ufundi kwa mikono yake miaka na miaka, na Agosti 1967, akiwa na miaka 68, akaikimbiza kwenye tambarare za chumvi za Bonneville, Marekani, kwa karibu kilomita 296 kwa saa na kuweka rekodi ya pikipiki zenye injini ya chini ya cc 1000. "Miaka 68!" akasema. Nikamwambia, kaka, kule Bonneville ni chumvi tupu mpaka upeo wa macho. Hakuna gari linalotokeza kulia. Hakuna mtoto anayevuka. Akainuka akaingia ndani, na sisi tukaondoka.

Dada yetu hakukata tamaa. Alimbembeleza kwa simu mpaka akakubali kupimwa. Vidonge vyake vipya vya shinikizo la damu vilikuwa vinampa kizunguzungu, daktari akavirekebisha. Kwa macho habari ilikuwa nyingine: glakoma, ugonjwa ambao mara nyingi huja na presha ya macho, ulikuwa umekwisha kula uoni wake wa pembeni. Ugonjwa huu hauumi. Unaanzia kingoni, na ubongo unaziba mapengo kwa kubahatisha, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka akiamini anaona kote. Matone ya kila siku hulinda kilichobaki, lakini kilichopotea hakirudi. Ndugu zangu mliovuka miaka 40, msisubiri dalili; nendeni mkapimwe hata kama mnasoma gazeti bila miwani. Na vidonge vyovyote vipya mnavyopewa, ulizeni kama vinaleta usingizi au kizunguzungu kabla hamjapanda.

Baada ya majibu hayo, alikaa miezi miwili bila kunipigia. Jumamosi mimi na dada tulitoka wawili. Nilikuwa nikitazama kiooni natafuta ile taa iliyoinama kushoto, mkono unapunguza mafuta wenyewe.

Mwisho wa Septemba simu ikaita. Hakusalimia. Alisema tu, "Njoo uchukue ufunguo leo, kesho naweza kubadili nia." Nilimkuta ameiosha pikipiki, ameipaka mnyororo mafuta, upepo wa matairi ameujaza sawasawa. Alinikabidhi na kitambaa chake cha kufutia. Tulisimama pale, hatukukumbatiana, si watu wa hivyo, lakini hakuniachia mkono kwa muda mrefu.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Nilipokuwa narudi na ufunguo ule mfukoni niliwahesabu wenzetu walioacha kuendesha miaka hii, mmoja kwa magoti, mwingine kwa moyo, mwingine kwa sababu watoto wake walimficha ufunguo bila hata kukaa naye. Nikajiuliza lini mara ya mwisho nilimpigia simu yeyote kati yao. Sikuweza kukumbuka. Tulikuwa tumepanda milima pamoja, tumelala chini ya daraja mvua ikitupiga, tumevutana kwa kamba kilomita nyingi. Siku mtu aliposhuka kwenye pikipiki, sisi tukaondoka bila kungoja kuiona taa yake. Tuliivunja sheria yetu wenyewe.

Kwa hiyo ombi langu la sikukuu ni hili. Mtafute mmoja. Usimtumie picha ya maua kwenye simu, nenda. Nenda na pikipiki, usiizimie mbali, mwache aisikie. Mwulize kama haoni ina mlio wa vali. Mpe kitambaa akague plagi, mwombe akuonyeshe namna ya kuipima cheni kwa vidole. Mtu anaweza kuacha barabara, mikono yake haisahau. Na ninyi watoto wa wazee hawa, nawaombeni sana, msinyang'anye ufunguo kwa hila. Kaeni naye, mwelezeni mlichokiona, mpelekeni akapimwe, na muda wa kukasirika mpeni.

Nanyi vijana, mkimpita mzee anayekwenda taratibu upande wake, msimpigie honi. Amepunguza mwendo kwa hesabu: ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne, na yeye amekwisha kuwazika walioidharau hesabu hiyo.

Oktoba nilikwenda kununua kofia ya pili. Ile ya kaka mkubwa ilikuwa na miaka 11, na watengenezaji wengi hushauri kubadilisha baada ya miaka mitano hivi, kwa kuwa sponji na gundi za ndani huchoka hata kofia ikibaki inang'aa. Sikutaka kumbeba na kitu kilichochoka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nikampelekea, nikamwambia kiti cha nyuma ni chake akikitaka. Aliigeuza geuza akitafuta tarehe. Akaiona, akaivaa.

Jumamosi ya kwanza alikaa mgumu kama gunia, kwenye kona anavutia upande mwingine. Wa nyuma asipolala nawe, pikipiki inabishana. Wiki ya tatu akaachia. Siku hizi tukikata kona tunalala pamoja, na akiona nimechelewa kushusha gia ananigonga bega la kushoto mara moja. Mara nyingi huwa ni kweli nimechelewa.

Pikipiki yake iko kwangu. Anakuja Jumatano kuiwasha na kuisikiliza. Ile taa ya mbele niliuliza kama nimnyooshee. Akasema iache.

Basi nawatakia sikukuu yenye afya na amani, na mwaka mpya wa kuonana. Waliofiwa mwaka huu, tuko nanyi. Walio hospitalini na miguu iliyofungwa plasta, mpone, tunawangoja. Walio kazini siku ya sikukuu yenyewe ili wengine wafike kwao, tunawashukuru.

Sisi tutatoka Jumamosi inayofuata sikukuu, saa moja kamili, watu watatu kwa pikipiki mbili. Dada atatangulia. Akifika njia panda atasimama, atageuka nyuma, na atangoja mpaka aione taa yetu.