Barua kwa Zuhura: yale maji ya rangi ya chai

Umeå, Uswidi
Mei 14

Shoga yangu Zuhura,

Habari za huko Morogoro? Mimi sijambo, baridi imelegea na jua sasa linachelewa kuzama hadi usingizi unanipotea. Mama kaniambia ulipita kumjulia hali. Ahsante sana.

Naona picha ya ile chupa ya maji ya kijito niliyokutumia imekukosesha raha. Unauliza kama mto umeingiliwa na maji taka, au ni tope la mafuriko. Si hili wala si lile. Iache chupa ile mezani hata wiki nzima, hakitatuama kitu. Maji yale nimeyapitisha kwenye kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45, na bado yakatoka na rangi ya chai ya rangi. Ni kaboni iliyoyeyuka, yaani mabaki ya mimea iliyooza nusunusu kwenye ardhi yenye maji na baridi. Shabu mnayosafishia maji kwenye mtambo wenu ingekuwa na kazi hapa! Wala si kaskazini pekee. Mto Ruki, unaoingia mto Kongo karibu na Mbandaka, ni miongoni mwa mito mikubwa iliyo myeusi zaidi duniani.

Kazi yangu iko Krycklan, bonde dogo la kilomita za mraba 68 karibu na Vindeln, kaskazini-magharibi ya mji huu. Sasa hivi ndipo theluji inapoyeyuka, na hakuna anayelala vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya kaboni ya mwaka mzima hupita ndani ya majuma haya machache. Ukikosa sampuli za Mei, umekosa mwaka.

Nilipofika nilidhani maji yanaosha msitu wote na kubeba kila kitu hadi mtoni. Kumbe mteremko wenyewe unachangia kidogo sana. Maji ya theluji huzama, na ile kaboni yanayoiokota juu hunaswa na chuma na alumini iliyomo kwenye udongo wa chini. Yanateremka yakiwa karibu meupe. Rangi inaingia mwishoni kabisa, kwenye ukanda mwembamba wa kando ya kijito, hatua chache tu kutoka ukingoni, ambako ardhi ina maji siku zote na mboji imejilundika kwa karne nyingi. Ukichimba pale kwa koleo unatoa udongo mweusi unaonata vidoleni, wenye mizizi ndani yake.

Ndiyo maana napenda kuchota vijito viwili siku moja. Kile cha msituni, mafuriko yakija, kinazidi kuwa cheusi: maji ya ardhini yanapanda na kupita kwenye tabaka za juu za ule ukanda, ambazo zina kaboni nyingi zaidi. Kinachotoka kinamasini kinafanya kinyume, kinapauka, kwa kuwa maji ya theluji yanateleza juu ya barafu ya kinamasi na kukichanganyia maji safi. Theluji ni ile ile, wiki ile ile. Unaweka chupa mbili sambamba kwenye gari na huamini zimetoka bonde moja.

Umeuliza pia kuhusu Siberia. Kule jambo ni zito zaidi. Udongo wa kaskazini ulioganda mwaka hadi mwaka una kaboni kiasi cha tani bilioni 1,500, karibu maradufu ya iliyomo hewani. Kando ya mto Kolyma kuna kingo zinazomomonyoka na kumwaga kaboni iliyofungiwa tangu enzi za barafu, na vijidudu vya majini huila upesi mno. Ila usidhani kila kinachobebwa na mito ile ni cha kale. Wakati wa mafuriko ya masika yao, kaboni nyingi ni changa, ya mimea ya miaka ya karibuni.

Lililonishangaza kuliko yote liko huku huku Uswidi. Tangu miaka ya 1990 mito na maziwa mengi ya Skandinavia na Uingereza yamezidi kuwa ya kahawia, na chanzo kimojawapo kikubwa ni kwamba hewa imesafishwa. Salfa ya viwanda ilikuwa ikishuka na mvua ya tindikali, ikaufanya udongo ung'ang'anie kaboni yake. Salfa ilipopunguzwa, udongo ukaanza kuiachia tena. Wenzako wa mitambo ya maji ndio wanaoumia, maana unajua klorini ikikutana na kaboni hii inazaa trihalomethani, kemikali zisizotakiwa kwenye maji ya kunywa.

Na hapa nina neno langu. Watu wanaouza na kununua hesabu za hewa ukaa hupenda kupima miti na kufunga daftari. Katika kinamasi cha Degerö Stormyr, jirani na Krycklan, walipima mpaka maji: kiasi cha theluthi moja, au zaidi kidogo, ya kaboni ambayo kinamasi kilikuwa kimejipatia kutoka hewani ilikuwa ikiondoka na kijito. Theluthi nzima! Hesabu isiyo na mto mimi siiamini, awe ameiandika nani.

Sasa nina ombi. Je, spektrofotometa yenu, ile mashine ya kupima mwanga unaonyonywa na maji, inafika urefu wa wimbi wa nanomita 254, ambao kaboni hii huunyonya? Kama inafika, nichukulie maji ya mto kabla hayajatiwa shabu, yachuje kwanza ili tope lisitudanganye, kisha unipimie. Masika bado hayajaisha huko, kwa hiyo fanya wiki hii, halafu urudie Agosti mto ukishapungua. Andika na kina cha maji siku hiyo, la sivyo namba zako hazitanisaidia kitu.

Wasalimie watoto na shemeji.

Wako,
Rehema