Barua kwa vijana wa filamu za kutisha: damu mnayo, watu je?

Wanangu,

Filamu zenu fupi nimezitazama zote. Moja nimeirudia, maana mara ya kwanza usingizi ulinishinda. Damu mnayo ya kutosha. Watu ndio hawapo. Zimwi linatokea dakika ya tatu, anayekimbizwa hatujamjua hata jina, basi tunaliombea zimwi limalize upesi tukalale.

Kabla hamjashika tena kamera, mkamsome George Romero, mtengeneza filamu za wafu wanaofufuka na kula watu. Mwaka 1967 alikuwa na miaka 27, akipata riziki kwa kupiga picha za matangazo ya biashara mjini Pittsburgh, Marekani. Yeye na wenzake, watu kumi, walianza kwa kuchanga dola 600 kila mmoja. Mpaka inakamilika, filamu yao, Night of the Living Dead, ilikuwa imekula kama dola 114,000. Damu yake ni shira ya chokoleti. Filamu ni nyeusi na nyeupe, nani angejua?

Sasa itazameni ile nyumba wanamojificha watu wa filamu hiyo. Wafu wako nje wanajikokota, mwenye miguu mizima angewapita. Ndani wamo watu saba, na mmoja ni mtoto mgonjwa. Wakubwa wanagombana: tujifungie chumba cha chini ya ardhi au tubaki juu? Ugomvi huo ndio unaowamaliza. Ben, shujaa wao, aliigizwa na Duane Jones, mtu mweusi. Muswada haukutaja rangi. Alipewa nafasi kwa kuwa aliwashinda wengine kwenye majaribio. Ben anauvuka usiku ule, halafu asubuhi waokoaji wenye bunduki wanadhani ni maiti, wanampiga risasi. Hiyo ni 1968, mwaka aliouawa Martin Luther King. Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa.

Miaka kumi baadaye, katika Dawn of the Dead, Romero akawaingiza wafu kwenye jengo la maduka la Monroeville, karibu na Pittsburgh, akipiga picha usiku maduka yakishafungwa. Wafu wanarudi madukani kwa mazoea tu. Mimi naiona hiyo kuwa bora kuliko zote, ingawa najua mtanibishia.

Linaloniuma ni hili. Ile filamu ya kwanza hapo awali iliitwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji alipobadilisha jina, kibao cha mwanzo chenye jina kikabadilishwa, na ule mstari wa hakimiliki uliokuwa hapo, unaosema kazi ni ya nani, haukurudishwa. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilikuwa kali: umetoa kazi bila mstari huo, umepoteza haki. Yeyote akawa huru kuinakili na kuiuza. Wengine wakavuna mamilioni, walioitengeneza wakaambulia kidogo. Mtaniambia ndivyo ilivyoenea duniani, na kwamba kila zombi anayeuma watu leo ni mjukuu wa Romero. Ni kweli. Lakini mjukuu hakumlipa babu hata senti, na babu alihangaika kutafuta fedha za filamu hadi uzeeni. Alifariki Toronto mwezi Julai 2017.

Siku hizi nchi nyingi haki huzaliwa pamoja na kazi, haihitaji mstari. Inapotea kwenye mikataba, mnaposaini msichokisoma.

Yule aliyeniambia kwamba filamu yake ameshamkabidhi mtu “kwa kuaminiana”, anipigie kabla ya Ijumaa. Asifute ujumbe hata mmoja walioandikiana.

Mzee wenu