Titanic ya pili haiwezi kuwa nakala halisi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mpango wa kuijenga upya Titanic ilieleza kwamba meli mpya itafanana na ya zamani kwa kila kitu, ila itakuwa salama zaidi. Kwa meli ya kubeba abiria baharini, uhalisi na usalama ni mafahali wawili katika zizi moja. Mmoja lazima atoke, na sheria imeshaamua ni yupi.

Tuanzie chini, kwenye mashine. Meli ya 1912 ilikuwa na boila 29 zenye matanuri 159. Mvuke wake uliendesha injini mbili za pistoni, kisha ukapita kwenye tabaini, yaani gurudumu la mapanga linalosukumwa na mvuke, iliyozungusha propela ya katikati. Nguvu zote pamoja zilikuwa takriban farasi 46,000, na makaa yaliyoteketea yalifika tani 600 hivi kwa siku, yote yakitiwa kwa koleo. Tangu 2015, meli inayokaribia Southampton au New York hairuhusiwi kuchoma mafuta yenye salfa inayozidi asilimia 0.10, labda iwe na mtambo wa kusafisha moshi. Makaa ya kawaida hayakaribii kiwango hicho. Ndiyo maana michoro ya Titanic II, mradi wa kampuni ya Blue Star Line ya tajiri wa Australia Clive Palmer, inaonyesha jenereta za dizeli na mota za umeme.

Hapo ndipo hesabu ngumu inapoanza, na ndipo waandishi wengi wanaporuka. Boila, injini za pistoni na maelfu ya tani za makaa vilikaa karibu kabisa na mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa meli. Ukiving'oa na kuweka mitambo myepesi zaidi, kitovu cha uzito cha meli kinapanda. Ongeza juu yake viyoyozi, vinyunyizio vya kuzimia moto, mabafu ya kila chumba na sitaha nzima ya ziada kwa ajili ya maboti, kinapanda tena. Meli ya namna hiyo huinuka polepole inapolala upande, na ikiingiza maji kidogo tu huweza kupinduka. Dawa ya kwanza ni maji ya balasti, yaani ya kuongeza uzito chini, ila hayo ni mzigo unaobebwa safari nzima bila faida. Dawa ya pili ni kuipanua, na wasanifu wameifuata: upana wa mita 28.2 umekuwa kama mita 32.2. Sehemu ya uthabiti (uwezo wa meli kurudi wima) inayotokana na umbo hukua takriban kwa mraba wa upana, kwa hiyo mita hizo nne zinaiongeza kwa asilimia 30 hivi. Wakizidisha, meli inakuwa ngumu mno: inarudi wima kwa kishindo na kuwaangusha abiria. Na hata wakipata kipimo sahihi, mwonekano wa mbele hautakuwa ule wa 1912 tena.

Kuhusu maboti, makala yenu ilisema sitaha ya ziada ni lazima kwa sababu kanuni inataka yaning'inizwe chini. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka urefu usizidi mita 15 juu ya maji kadiri inavyowezekana. Queen Mary 2, meli ya abiria iliyojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ilipata ruhusa ya kuyaweka kwenye mita 25 hivi ili mawimbi ya Atlantiki ya Kaskazini yasiyavunje. Maboti ya Titanic yalikuwa mita 18 hivi juu ya maji. Tatizo kubwa zaidi ni ukubwa na idadi. Maboti 20 ya awali yalitosha watu 1,178 tu, ilhali waliokuwemo walikuwa takriban 2,200. Maboti ya leo yana paa na injini, na kila moja hubeba watu wengi. Yakipangwa juu ya sitaha ya zamani yangeifunika kabisa, na uzito wake ungekuwa mahali pabaya kuliko pote.

Ngazi kuu ya mwaloni nayo ina kikwazo chake. Uwazi unaopita sitaha tatu au zaidi lazima uwe ndani ya ukanda mmoja wa moto (sehemu ya meli iliyozungukwa na kuta za kuzuia moto), uwe na vinyunyizio, na feni zenye uwezo wa kutoa moshi wote katika dakika 10. Mwaloni mzito hauruhusiwi: mbao zote za urembo, zikijumlishwa, zisizidi ujazo wa vena, yaani utando wa mbao, ya milimita 2.5 juu ya kuta na dari. Zaidi ya hapo ni chuma kilichopakwa rangi ya mbao. Ule ushoroba mrefu wa wafanyakazi, "Scotland Road", utakatwa na milango ya moto, kwa kuwa ukanda mmoja hauruhusiwi kuzidi mita 48.

Ribiti zaidi ya milioni tatu za awali, zile pini zilizounganisha mabamba ya chuma, sizizungumzii sana. Siku hizi mabamba yatachomelewa, na vichwa vya ribiti vya bandia ni mitego ya kutu tu.

Anayetaka uhalisi ajenge meli isiyosafiri, kama ile iliyoanzwa 2016 Daying, mkoani Sichuan, China. Hiyo haihitaji injini, wala haijibu kwa SOLAS.

Mradi wa Palmer ulitangazwa 2012 ukiahidi kusafiri 2016, ukatangazwa upya 2018, na tena 2024. Siku ya tangazo lijalo, waandishi wenu waulize: ni kiwanda gani kimesaini mkataba na kupokea malipo ya kwanza? Injini zimeagizwa? Ni shirika gani la kukagua meli lililopitisha hesabu za uthabiti pale vyumba vinapojaa maji? Na meli itasajiliwa chini ya bendera ya nchi gani, maana ndiyo itakayotoa ruhusa ya urefu wa maboti? Wakijibiwa kwa kuonyeshwa modeli ya mita 9.3 iliyojaribiwa Hamburg mwaka 2013, wajue kwamba jaribio lile lilipima ukinzani wa maji na nguvu ya kuisukuma, basi.

Wako,
Msomaji, mhandisi wa meli