Mheshimiwa Waziri, watoto wa Kilwa nao wavushwe

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,

Salamu nyingi kutoka Kilwa Masoko. Upepo wa kusi umeshika, na ukisimama gatini unaliona Gereza, ile ngome kongwe ya Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kudhani utaitwa na mtu aliye kule.

Mimi ni mwalimu wa historia. Mwaka jana nilivuka na wanafunzi wa kidato cha pili, nauli ya mashua tukaichangishana sisi wenyewe. Tulipoteremka, kijana mmoja, mzaliwa wa hapa hapa Masoko ambaye hakuwahi kukanyaga Kisiwani, akaniuliza: "Mwalimu, haya yote walijenga Wareno?"

Sikumlaumu. Gereza ndilo linalompokea mtu akishuka chomboni, na chanzo chake kweli ni Wareno, walioivamia Kilwa na kuipora mwaka 1505. Anayeanzia hapo ataona kila jiwe limeletwa na mgeni.

Nikawapeleka Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, miaka mia nne na ushei kabla ya Mreno kuijua njia. Nikawaambia waguse ukuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Binti mmoja akasema, "Babu yangu alikuwa mchoma chokaa." Wenzake wakageuka kumtazama, kisha wakautazama tena ukuta. Somo langu lilianzia hapo. Ya nyuma yote yalikuwa matembezi.

Tukaenda Husuni Kubwa, kwenye birika la pembe nane la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Nikawaeleza kuhusu sarafu za shaba za Kilwa, ambazo zina vina kama shairi: upande mmoja jina, Ali bin al-Hasan, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema, yakiishia na "al-minan". Nilipowaambia sarafu za Kilwa ziliokotwa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, walicheka wakidhani natania.

Na wazee wetu wana habari ya Mrimba, mwenyeji aliyekitoa kisiwa kwa Mshirazi, mgeni wa kutoka Uajemi, kwa malipo ya nguo za kukizunguka chote. Iwe kweli au ngano, mimi napenda kwamba ndani yake mwenyeji yupo, ana jina, na anataja bei yake.

Mheshimiwa, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Kuta zimeshughulikiwa, na waliofanya kazi hiyo tunawashukuru. Fukwe zetu sizitetei, aliyeuona ufukwe wa Jimbiza hapa Masoko maji yakijaa hahitaji kuhubiriwa.

Ninachoomba ni nauli. Ukae na mwenzako wa Elimu, mtenge fungu dogo ili kila mtoto wa wilaya hii avuke Kisiwani walau mara moja kabla hajamaliza shule, tena bila kiingilio. Mashua zipo, manahodha wapo, na sisi walimu tuko tayari hata siku za Jumamosi. Na anayewapokea kule aanze na Mrimba na wachoma chokaa. Gereza lisubiri mwisho, wakati wa kurudi chomboni.

Wewe mwenyewe ukija, tupe taarifa mapema tukuangalizie maji. Yakiwa yamekupwa, chombo hakifiki ufukweni. Itabidi uvue viatu na ukunje suruali kama sisi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa historia, Kilwa Masoko