Mwanaidi, ngozi iweke juu, ila na intanal iwepo

Shoga angu Mwanaidi,

Salaam nyingi kutoka Tanga, huku wote wazima alhamdulillah, mama yako nilikutana nae Mgandini kaniuliza kama ushapata hiyo nafasi ya kusomea ubingwa Marekani, nikamwambia bado mama, mpaka Machi. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, pale uliposema unaomba ubingwa wa ngozi peke yake maana ukiongeza intanal medisini, yaani magonjwa ya ndani, wataona huna msimamo. Ngoja nikujibu kwa kirefu, kwenye simu tunakatizana sana.

Ongeza intanal. Nasema hivyo na najua unavyoipenda ngozi, tangu tuko wanafunzi wewe ndo ulikuwa unasimama kwa yule mgonjwa mwenye ualbino wakati wenzio washahamia kitanda kingine, unamwangalia mabega, masikio, unamuuliza kofia anavaa ya aina gani. Sikwambii uache. Nakwambia usiende na mguu mmoja, kwa sababu ngozi huko Marekani inagombewa na watu wenye tafiti lukuki na waliosoma hukohuko, na sisi tuliosoma nje tunaingia kupitia cheti cha ECFMG, kile cha madaktari waliosoma nje ya Marekani, tukiwa tayari tuko nyuma.

Hofu yako kubwa naona ni kwamba intanal itakula nafasi ya ngozi. Haili. Ile kompyuta ya NRMP, inayowagawa madaktari kwenye programu za kusomea ubingwa, inaanza na chaguo lako la kwanza, inajaribu kukuweka pale, ikishindikana kwa sababu programu hiyo imepata inaowataka zaidi ndo inashuka kwenye la pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa orodha. Mfumo wa sasa waliutengeneza Alvin Roth na mwenzake Elliott Peranson ukaanza kutumika 1998, na huyo Roth ndo alipata Nobel ya uchumi 2012 pamoja na Lloyd Shapley, kwa hiyo sio kitu cha kubahatisha. Ukipanga programu zako zote za ngozi juu halafu za intanal chini, nafasi yako ya kupata ngozi inabaki ileile kama vile intanal haipo. Ila usiweke mahali ambapo huwezi kwenda, maana ukimechi, yaani kompyuta ikishakupa programu, umeshafungwa, ni mkataba ule.

Na usisahau ngozi kwa kawaida inaanza mwaka wa pili, mwaka wa kwanza unaufanya kwingine, mara nyingi hapohapo kwenye intanal au kwenye ule mwaka wa mchanganyiko. Kwa hiyo chini ya kila nafasi ya ngozi ya namna hiyo lazima uambatanishe orodha ya mwaka wa kwanza, wako watu wanapata ngozi halafu hawana pa kuanzia. Yaani intanal utaiomba tu upende usipende, sasa kwa nini uombe mwaka mmoja na uogope kuomba miaka 3?

Kuhusu kuonekana huna msimamo, programu haioni kwenye ERAS, ule mfumo wa kutuma maombi, umeomba wapi kwingine. Insha unaandika mbili, kila moja unaielekeza kwenye programu zake, na barua za walimu hivyohivyo, kila programu inapokea zisizozidi 4 ulizozichagua wewe. Zile signali, za kuiambia programu kwamba unaitaka hasa, nazo kila fani ina fungu lake, ukizimaliza za ngozi za intanal hazipungui. Penye mtego ni ile sehemu ya uzoefu wako, vile vipengele 10, hiyo ni moja kwa wote na ukishatuma hubadilishi tena. Ukijaza utafiti wa ngozi mtupu, mtu wa intanal anakusoma anasema huyu kapotea njia. Weka wodi humo, weka ule mwaka wa intern, weka kliniki ya sukari uliyoisimamia. Halafu ukiomba fani zote mbili hospitali moja kumbuka walimu wanaongea, ukiulizwa sema ukweli.

Hiyo insha ya intanal naomba usiiandike kwa mkono wa kushoto. Watu wanaihisi. Mwanaidi wewe ni mtu wa intanal pia, sikupambi, wewe ndo ulikuwa unabaki na mgonjwa wa ketoasidosisi, ile hatari ya kisukari inayojaza asidi kwenye damu, usiku kucha unapima sukari kila saa wakati zamu yako ishaisha, na wewe ndo ulitazama mashavu ya yule dada aliyekuja na maumivu ya viungo ukasema hii lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, kabla majibu hayajarudi. Andika hayo. Daktari wa intanal anayeijua ngozi hivyo, huku kwetu watu wa Pangani na Muheza watampanga foleni, si unajua mtu wetu anavyohangaika mpaka afike Moshi, hospitali ya KCMC, kutibiwa ngozi.

Na mwaka mmoja bila kumechi sio mwaka wa bure. Jumatatu ile ya Machi unaambiwa umepata au hujapata, kama hujapata unaingia SOAP, kule kugombea nafasi zilizobaki, na huko ngozi ni nadra sana kubaki, Ijumaa wenzio wanajua wanakwenda wapi na wewe viza inakimbia, kodi inakimbia, na programu nyingi zinahesabu miaka tangu umalize chuo. Hilo ndo linanikosesha raha zaidi.

Jengine, viza ya J-1 ya kwenda kusomea ubingwa inahitaji barua ya Wizara ya Afya na ile barua inataja fani kwa jina. Ukimechi intanal iandikwe intanal, ukimechi ngozi iandikwe ngozi. Hiyo niachie mimi, siku utakayojua niambie fani ipi nitakwenda Dodoma mwenyewe nikusimamie. Ila kwanza nitumie hizo insha, zote mbili, ya intanal ndo nianze nayo.

Wako,
Zuhura